Farasi Wako Amekonda

Nina hoja moja, nayo naiweka wazi tangu mwanzo. Tunapotafsiri kwa Kiswahili habari za mnyama aliyepungua mwili, tusiseme kwamba ni mwembamba, wala kwamba ana uzito pungufu. Tuseme amekonda. Wenzangu kadhaa wa lugha za Kiafrika wameniambia kwamba hili ni jambo la ladha tu na kila mtu achague lake. Mimi sioni hivyo. Maneno haya matatu ni namna tatu za kumtazama kiumbe aliyekosa chakula, na ni moja tu kati yake inayomsaidia yule aliyeshika ndoo ya kulishia.

Ubishi ulizuka katika zoezi la tafsiri. Tulikuwa tukishughulikia michezo ya kufuga farasi inayochezwa kwenye kompyuta na simu, hasa ule wa Kifaransa uitwao Equideow, ambao kwa Kiingereza unajulikana kama Howrse. Ulianzishwa mwaka 2005 na kampuni ya Owlient ya Ufaransa, na mwaka 2011 kampuni hiyo ikanunuliwa na Ubisoft. Umetafsiriwa kwa lugha nyingi, zaidi zile za Ulaya. Kiswahili hakimo. Mchezaji ana farasi wake, ambaye kila siku humlisha, humnywesha, humsugua manyoya, humfanyisha kazi, kisha humlaza. Siku moja ya mchezaji humwongezea farasi umri wa miezi 2. Chakula kikuu ni cha aina mbili, majani makavu na nafaka, na skrini huonyesha kiasi kinachotakiwa. Ukitoa kidogo mno, farasi hupungua mwili, na ukizidisha, hunenepa kupita kiasi. Hapo huja onyo, na dawa yake ni kuongeza kiasi cha majani, kubonyeza, na kwenda zako.

Onyo hilo ndilo lililotugawa. Wapo walioandika "Farasi wako ni mwembamba mno." Wapo walioandika "Farasi wako ana uzito pungufu." Na wapo, nami nikiwa kati yao, walioandika "Farasi wako amekonda." Tuyapime moja moja.

Mwembamba ni sifa. Njia ni nyembamba, uzi ni mwembamba, fito ni nyembamba, hata sauti huwa nyembamba, na hakuna anayeshtuka na kuuliza kumetokea nini. Mtu anaweza kuzaliwa na umbo jembamba, akazeeka nalo, na afya yake isiwe na kasoro yoyote. Farasi nao ni hivyo hivyo. Wapo wa mbio ambao ni wembamba kwa asili yao, na daktari wa mifugo akiwaona hana la kusema. Onyo linalomwambia mchezaji kwamba farasi wake ni mwembamba linampa habari za umbo, lakini halimwambii kwamba kuna jambo limeharibika.

Uzito pungufu ni lugha ya mizani. Ina kazi yake katika ripoti na katika maabara, lakini inadai namba ya kulinganisha nayo: pungufu ya kiasi gani? Farasi wengi hawapandi mizani kamwe. Ndiyo maana Don Henneke na wenzake, huko Texas, walitoa mwaka 1983 kipimo kinachotumia macho na mikono. Kina alama kuanzia 1 hadi 9. Farasi wa alama 1 ni mifupa na ngozi, wa 9 amefunikwa na mafuta, na wa 5 yuko katikati. Mpimaji hupapasa shingo, kilele cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia, akitafuta mafuta yaliyobaki na mahali yalipotoweka. Kwa maneno mengine, hata mtaalamu mwenye kipimo chake husoma mwilini habari za jambo lililokwisha kutokea.

Kukonda ndicho kitenzi cha jambo hilo. Kabla ya kukonda kulikuwa na mwili. Kiambishi -me- kinatuambia kwamba mabadiliko yametimia na matokeo yake bado tunayaona, kama tunavyosema amechoka, amelala, amesimama. Jaribuni vipimo vyetu vya kawaida vya darasani. Tunasema vizuri kabisa "ameanza kukonda", "anazidi kukonda", "bado hajakonda". Kitenzi hiki hata kinajipangia daraja: anakonda, amekonda, amekondeana. Na kinaingia katika kauli ya kutendesha bila taabu, kikazaa swali ambalo mfugaji yeyote angeuliza: kimemkondesha nini? "Mwembamba" peke yake haizai swali hilo.

Msomaji wa Lubumbashi atanikumbusha kwamba mitaani kwetu -me- haisikiki sana, na kwamba mama wa sokoni atasema "mutoto alikonda". Ni kweli. Kiambishi kimebadilika, kitenzi ni kile kile. Hata aliyekulia katika Kilingala ana kokonda yake, na husema akondi kwa maana hiyo hiyo. Basi neno hili halihitaji kufundishwa kwa mchezaji wa nchi yetu. Tayari analo nyumbani kwao.

Hapa ni lazima nijilinde dhidi ya lawama mbili. Sisemi kwamba Kifaransa hakiwezi. Kina maigrir, kina amaigri, na kina methali ya zamani isemayo kwamba jicho la mwenye mali ndilo linalomnenepesha farasi. Tena sisemi kwamba lugha humfungia mtu mawazo. Mchezaji wa Lyon anaweza kujiuliza ni nini kimempata farasi wake, na mchezaji wa Kolwezi anaweza kubonyeza bila kufikiri lolote. Nasema jambo dogo zaidi. Mfasiri akiwa na maneno matatu mkononi, moja linabeba swali la maana na mawili hayalibebi, achukue linalolibeba.

Kwa nini swali hilo lina maana? Kwa sababu farasi halisi hakondi kwa kukosa majani tu. Meno yake huendelea kusogea nje ya ufizi kadiri yanavyolika, na yakilika upande upande hutoa ncha kali zinazoumiza shavu na ulimi. Farasi wa namna hiyo hutafuna kidogo, kisha huangusha chini mabonge ya majani yaliyolowa mate. Minyoo humkondesha. Uzee humkondesha. Jike anayenyonyesha hukonda asipoongezewa chakula. Penye kundi, wenye nguvu humfukuza mnyonge asifike kwenye hori, na mwenye mali akiangalia hori tupu jioni hudhani kila mmoja amekula. Majani yenyewe yanaweza kuwa mengi lakini yamekomaa mno, yakajaza tumbo bila kujenga mwili. Katika kila hali kati ya hizi, kuongeza kiasi bila kutafuta chanzo ni kumwaga maji kwenye mtungi uliopasuka.

Tena kuna namna ya kulisha. Farasi mkubwa wa kilo 500 hula kwa siku chakula kikavu cha kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 7.5 hadi 12.5, na sehemu kubwa inapaswa kuwa majani. Tumbo lake ni dogo ukilinganisha na mwili wake, hawezi kutapika, na maumbile yake ni ya kula kidogo kidogo karibu kutwa nzima. Ukimjazia nafaka kwa ghafla, anaweza kupatwa na msokoto wa tumbo, au uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya ashindwe kusimama. Kwa farasi aliyeshinda na njaa wiki nyingi, hatari ni kubwa zaidi. Wanga na sukari vikiingia kwa wingi, mwili hutoa insulini, na insulini husukuma fosfati, magnesi na potasi kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu hubaki tupu ya madini hayo, moyo na mapafu hushindwa, na mnyama anaweza kufa siku chache baada ya kuanza kulishwa. Kwa hiyo wanaookoa farasi wa namna hiyo huanza na majani bora, kama vile alfalfa, kwa mafungu madogo, mara nyingi kwa siku, na nafaka huja baadaye sana. Mwili wa farasi aliyekondeana hurudi kwa miezi.

Mtetezi wa mchezo atanijibu kwamba siku moja ya mchezaji ni miezi 2 ya farasi, kwa hiyo farasi wa skrini akirudisha mwili kwa siku chache, ni miezi mizima imepita. Kwa hesabu ana haki. Lakini mkono wa mchezaji umelisha mara chache tu, na alichojifunza mkono huo ni kwamba mwenye kukonda hujaziwa hori, basi. Mchezo si kitabu cha utabibu, wala siulaumu kwa kurahisisha mambo, maana bila kurahisisha hakuna mchezo. Ninachosema ni kwamba kadiri kitufe kinavyorahisisha, ndivyo neno lililo juu yake linavyopaswa kuwa sahihi.

Nakuja sasa kwenye upande wa pili wa onyo, yaani tiba. Hapa Kiswahili kinatupa utajiri ambao darasani tuliupita mbio. Tuna kulisha, kunenepesha na kunonesha, vyote vya kutendesha, lakini havielezi kazi moja. Katika kulisha, mimi ninatoa na farasi anakula. Kitenzi cha ndani, kula, bado ni chake, na asipofungua mdomo sijamlisha. Katika kunenepesha, ninachohesabu ni matokeo ya mwilini. Kunonesha kunaongeza habari nyingine, kwa kuwa kunona husemwa zaidi kwa mnyama, na mnyama aliyenona hutufanya tufikirie kisu na sufuria. Mbuzi wa sikukuu hunoneshwa. Farasi wa kupandwa tukimwambia mwenyewe "mnoneshe", tumemhamisha kutoka bandani hadi buchani kwa neno moja. Ikiwa tunataka jina la lengo lenyewe, tuna kunawiri, ambako ni kupata afya na kung'aa, na tuna msemo wa kila siku kwamba mwili umemrudia. Huo msemo wa mwisho naupenda kwa sababu unakubaliana na kukonda: kilichoondoka kimerudi.

Kuhusu vyakula, kamusi zinatutega. Mwenzetu mmoja alitafsiri avoine kwa shayiri, na hakuna aliyempinga, kwa maana neno lipo na linasikika vizuri. Lakini shayiri katika kamusi nyingi ni ile ambayo Kifaransa huita orge, na hizo ni nafaka mbili tofauti, zenye nguvu tofauti tumboni mwa farasi. Ni afadhali tuandike oti, neno ambalo wanunuzi wa Afrika Mashariki wanalijua, kuliko kuazima jina la nafaka nyingine. Kwa fourrage, majani makavu yanatosha. Kila mwenye mbuzi anaelewa. Na mahali pa kulia panaitwa hori, neno ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua tangu utoto.

Najua pingamizi kubwa linalonisubiri. Farasi wa nini hapa kwetu? Jina lenyewe farasi ni la Kiarabu, na mnyama mwenyewe hakuenea katika sehemu kubwa ya Afrika ya Kati, mojawapo ya sababu ikiwa ni nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Katika nchi yenye watoto wenye njaa, je, mwanafunzi wa isimu hana kazi nyingine ila kubishania farasi wa skrini?

Pingamizi hilo ndilo lililonifanya niandike. Mtoto mwenye utapiamlo mkali pamoja na maradhi mengine hulazwa katika kituo ambacho sote tunakijua kwa kifupisho cha Kifaransa, UNTI. Amepimwa mkono kwa utepe wenye rangi, na kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kipimo cha chini ya milimita 115 huangukia kwenye nyekundu. Mama amekuja akitumaini kwamba mwanawe atalishwa ashibe. Badala yake anaona maziwa yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, yakitolewa kidogo kidogo kila baada ya saa chache, mchana na usiku. Hali ikitulia na hamu ya kula ikirudi, ndipo huja F-100 au chakula cha pakiti kilichotengenezwa kwa karanga na maziwa. Sababu ni ile ile niliyoieleza juu: mwili uliozoea njaa ukijazwa ghafla unaweza kuzimika.

Simlinganishi mtoto na farasi. Ninalinganisha sentensi. Mhudumu akimwambia mama "mtoto wako ana uzito pungufu, tutamnenepesha", amempa namba na ahadi, na mama ana haki ya kushangaa kwa nini ahadi hiyo inakuja kwa nusu kikombe. Huenda hata akamtilia kitu kingine mdomoni kwa siri, kwa mapenzi tu. Lakini mhudumu akisema "mtoto amekonda, na mwili wake umezoea kukaa bila chakula, tutaurudisha taratibu ili usishtuke", sababu ya nusu kikombe iko ndani ya sentensi yenyewe. Kitenzi kimeeleza safari ya kwenda, na sasa kinaweza kueleza safari ya kurudi. Wanaoandika sentensi hizo, kwenye mabango na kwenye miongozo ya wahudumu, watakuwa sisi. Ni nani mwingine anayesomea kazi hiyo katika nchi hii? Afadhali tubishane sasa juu ya farasi, ambaye hawezi kufa kwa kosa letu la tafsiri.

Tena mchezo una faida ya pekee kama uwanja wa mazoezi. Sentensi zake ni fupi na zimetengenezwa kuwa vielelezo: jina la mnyama huwekwa mwanzoni, na maneno mengine hayabadiliki. Kifaransa kikizungumza juu ya unene lazima kijue kama ni dume au jike, gros au grosse. Kiswahili hakina shida hiyo. Kiambishi a- kinamtosha dume, jike na mtoto wa farasi, na "amekonda" inakaa baada ya jina lolote ambalo mchezaji amempa mnyama wake. Wanaosema kwamba lugha yetu haiko tayari kwa programu za kompyuta wangeanza kwa kutazama jambo dogo kama hili.

Napendekeza basi mambo matatu kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, katika faharasa ya istilahi ya kitivo, kila hali inayotokana na tukio ipewe kitenzi kabla ya kivumishi: amekonda, amechoka, amelemaa, amepona. Pili, zoezi la tafsiri lisianze na kamusi bali lianze na mtu anayeijua kazi. Wafuga mbuzi na ng'ombe hawako mbali na chuo, na katika nusu saa wangetupa maneno ya kukonda na kulisha kuliko tuliyoyapata sisi kwa juma zima. Tatu, mfasiri abaki mfasiri. Hana ruhusa ya kuongeza kwenye skrini mafunzo ya meno, minyoo na insulini ambayo mwandishi hakuyaweka. Uhuru wake uko katika kuchagua neno, na uhuru huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana.

Kwa kufuata masharti hayo, onyo zima la mchezo linaingia katika maneno matano: "Farasi wako amekonda. Mwongezee majani." Halimsifu wala halimhukumu mnyama, halidai mizani, na halimpeleki buchani. Tena -ongezea inadokeza kwamba kuna kilichokuwapo na kinaendelezwa, si kwamba hori linajazwa kwa mara moja. Mwenye sentensi bora kuliko hiyo ailete katika toleo lijalo, pamoja na sababu zake.